Alisema Presha Yangu Itaanguka

Jumatatu, alasiri. Upepo wa leo ni mkavu na una vumbi, na pazia la wodi linapeperuka kila mara likinigusa mguu. Naogopa. Naanza na hilo ili nisije nikajifanya jasiri huko mbele.

Kesho asubuhi nitapasuliwa. Mtoto wangu wa kwanza ametanguliza makalio na amekataa kugeuka, na daktari wa uzazi ameona ni salama zaidi atolewe kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Nitachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Nitakuwa macho, lakini kuanzia kifuani kwenda chini sitasikia maumivu.

Hayo nayajua kuliko wanawake wengi wanaolala kitanda hiki, kwa sababu mimi ni karani wa hospitali hii hii. Kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta vipimo vinavyotoka chumba cha upasuaji: presha, mapigo ya moyo, hali ya mama, hali ya mtoto. Kwa hiyo nimeona kwa tarakimu kile ambacho wenzangu wamekisikia mwilini. Sindano ya mgongo inaingia, na baada ya muda mfupi presha ya mama inashuka. Kwa wengine inashuka taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Kwa wengine inaanguka.

Nikifika kwenye vipimo vya mama kama huyo huwa nasita. Nateremsha macho polepole mpaka nione imepanda tena. Hupanda. Lakini tarakimu ile ya katikati, ile ya chini kabisa, sijawahi kuizoea.

Ijumaa nilipoaga ofisini walinitania. "Karani umeandika wenzako weee, sasa na wewe utaandikwa," alisema jamaa tunayekaa naye meza moja. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikaenda chooni nikatapika.

Leo asubuhi alikuja Mutinda, mtaalamu wa ganzi. Ni mtu wa Machakos, mpole, anayezungumza na mashine zake kama vile mwingine angezungumza na punda. Hooyo, mama yangu, alikuwa amekaa kando yangu na tasbihi yake. Mutinda akanilaza ubavu wa kushoto, akasubiri, akapima. Kisha akanilaza chali, akasubiri tena.

Kulala chali na tumbo hili ni kama kubebeshwa gunia la sukari na kuambiwa upumue. Moyo ulianza kwenda mbio. Jasho jembamba likanitoka juu ya mdomo, dari ikaanza kusogea. Mutinda akanigeuza upande haraka, akaitazama mashine, akaiambia, "Haya, nimekusikia."

Kisha akanieleza. Nikilala chali, mtoto anaulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mwili unabana mishipa mingine ili presha isimame. Mwili wangu, alisema, unalazimika kujibana sana. Sindano ya mgongo huilegeza mishipa hiyo, na mwili hauwezi tena kujitetea.

"Kwa hivyo wewe, Sahra, kuna uwezekano mkubwa presha yako kesho itaanguka. Si lazima. Kipimo hiki hukosea pia. Lakini nitajipanga kana kwamba itaanguka."

Tasbihi ya Hooyo ikasimama.

Kwetu jambo kama hilo halisemwi. Mwanamke akiwa mjamzito, hata nguo za mtoto hazinunuliwi mapema. Ukiulizwa una miezi mingapi unajibu Alhamdulillah na watu wanaridhika. Mtu akikutamkia heri, anaombewa kinywa chake kijae maziwa. Akitamka shari, watu wanageuza uso na kumwomba Mungu neno lile lisipate njia. Nimelelewa hivyo. Nilipomsikia Mutinda, kabla akili haijafanya kazi yoyote, moyo wangu wenyewe ulisema: mnyamazishe.

Hooyo huzungumza nasi Kisomali. Kiswahili chake ni cha dukani, cha kuuzia vitambaa pale mtaani kwetu Iftin, lakini kikihitajika anakitoa chote.

"Daktari. Wewe nasema bresha ya mtoto yangu itaanguka kesho. Hiyo kesho wewe umeona wapi?"

"Sijaiona, mama. Nimepima tu."

"Umebima leo. Mimi nauliza ya kesho."

Mutinda akatabasamu. Hakuwa na nia mbaya, lakini hakupaswa kutabasamu. Hooyo alisubiri atoke, kisha akaanza kukunja nguo zangu.

Alisema twende nyumbani. Sheikh aje anisomee, nipumzike siku chache, neno la yule mtu lipoe kwanza. Likishapoa tutarudi, na tutatafuta daktari asiyeita mambo mabaya kwa kuyatamka. Alisema kwa upole kabisa, huku akinitafutia viatu chini ya kitanda. Hooyo akiwa mkali nambishia, nimezoea. Akiwa mpole nakuwa na miaka sita.

Karibu niende.

Lazima niandike hilo vilevile. Nilikuwa nimeshateremsha miguu. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba nyumbani hakuna mashine, na pasipo mashine hakuna tarakimu ya chini. Ndipo mtoto akanisukuma kwa kichwa upande ule ambao hakistahili kuwa, juu kabisa, chini ya mbavu, na nikawaza: uchungu ukinijia Iftin usiku, huyu atatoka na nini kwanza? Nikapandisha miguu kitandani.

Nilimpigia Yusuf, mume wangu. Anafundisha Buna, na kumpata kwa simu ni lazima awe amepanda mahali fulani nyuma ya shule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe ndiye unayejua mambo ya hospitali. Fanya unavyoona. Lakini usimuudhi Hooyo." Nilitaka kumwuliza hayo mawili yanafanyika vipi kwa pamoja, mtandao ukakatika.

Nesi alipokuja na fomu ya kukubali upasuaji aliuliza mume yuko wapi. Nikamwambia yuko Buna. Akauliza basi kama kuna kaka au baba mdogo. Hapa ndivyo ilivyo, mara nyingi wanasubiri mwanamume afike, hata mama akiwa na akili zake timamu na vyeti vyake kabatini. Nikamwambia mimi ni mtu mzima na mgongo utakaochomwa ni wangu. Nikatia sahihi. Ilitoka kama ya mtu mwingine, lakini ni yangu.

Hooyo alitazama dirishani muda wote huo.

Kisha nikafanya jambo lililomuudhi zaidi. Nikaomba Mutinda arudi, na mbele yake Hooyo nikamwuliza: ikianguka, utafanya nini?

Akanieleza bila haraka. Atanitilia kitu chini ya nyonga ya kulia ili mtoto auachie ule mshipa. Dripu itakwenda kwa kasi wakati ule ule wa sindano. Dawa ya kupandisha presha itakuwa tayari ndani ya bomba, mkononi mwake, kabla mimi sijaguswa. Kwa sababu amenipima, hataikimbilia kabatini. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Na wewe una kazi. Kichefuchefu huja kabla mashine haijamaliza kupima. Ukisikia tumbo linapanda, kizunguzungu, chochote, sema. Usininyamazie kwa adabu. Kina mama wa huku mnanyamaza sana."

Ni kweli. Tunanyamaza. Kwetu mwanamke anasifiwa kwa kuzaa kimya. Hooyo amejifungua watoto saba, na husema kwa fahari kwamba jirani hakujua lolote hadi mtoto mwenyewe alipolia. Alipotafsiriwa maneno ya Mutinda alinijibu mimi, si yeye. "Sasa anakufundisha kupiga kelele."

Sawa. Na nifundishwe.

Nasema hivi nikiwa naogopa kiasi kwamba nashika simu kwa mikono miwili. Sidhani Hooyo ana kosa kuogopa. Ila yeye anataka neno lipoe, nami nalitaka likiwa moto hivi hivi, mpaka niingie nalo mlangoni kesho. Tarakimu itaanguka nikiambiwa na itaanguka nisipoambiwa. Tofauti ni nani atakuwa ameshika dawa.

Naacha hapa. Wameniletea chakula cha mwisho kabla ya upasuaji na siwezi kumeza.

*

Jumatano, asubuhi. Hiyo ya juu sikuichapisha siku ile kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Naiacha kama ilivyo, hata pale ninapoonekana mwoga, na naendelea.

Niko hai. Tuna binti. Usiulize jina, siku ya kumpa jina bado.

Jana alfajiri Hooyo alikuja kabla ya saa za wageni. Sijui alimwambia nini mlinzi. Alikuwa na chupa ya chai chini ya shuka lake, akaifungua, na harufu ya supu ya mbuzi ikajaa wodi nzima hadi mama wa kitanda cha pili akaketi.

"Kunywa," alisema. "Haraka, kabla hawajaja."

Nikamkumbusha kwamba nimekatazwa kula hadi nitoke. Akasema hii si chakula, ni supu. Nikaionja kwa ncha ya ulimi tu, kumwonyesha kwamba siidharau, nikaitema kwenye kitambaa. Ilikuwa chumvi tupu. Chumvi ya kumfanya ngamia anywe kisima.

"Hooyo, umeweka chumvi yote hii ya nini?"

Akanitazama kama ananiona mjinga. "Si alisema itaanguka? Chumvi inapandisha."

Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kubishana na mwanamke asiyeamini, kumbe alikuwa macho jikoni akipigana na kitu kile kile ninachokiogopa mimi, kwa silaha aliyo nayo. Hakuwa amelipuuza neno la Mutinda hata kidogo. Alikuwa amelipeleka nyumbani akalichemshia supu.

Sikuinywa. Nilimweleza kwa Kisomali, polepole, kwamba tumbo likiwa na kitu na nikatapika nikiwa nimelala, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Alifunga chupa. Hakununa. Alinisomea, akanipulizia usoni na tumboni kama alivyokuwa akifanya kabla ya mitihani, na safari hii nilimwomba anisomee nikiwa nimelala ubavu. Alianza kuniweka chali ili anielekeze vizuri, akakumbuka mwenyewe, akaniacha nilivyo.

Chumba cha upasuaji ni baridi. Miaka yote nimeandika kuhusu chumba hicho na sikujua kwamba ni baridi. Nikaketi, nikainamia mto, Mutinda akasema nijikunje kama paka mwenye hasira. Sindano yenyewe niliisikia kama kidole kinachosukuma. Kisha joto likateremka miguuni, joto zuri, kama miguu imeingizwa kwenye mchanga wa saa tano. Wakanilaza. Kitu chini ya nyonga ya kulia, kama alivyosema. Dripu. Kifaa cha presha kikaanza kunibana mkono, kikaachia, kikabana tena.

Nilikuwa nimegeuza kichwa ili nisiione mashine. Ikaja.

Haikuja kama maumivu. Ilikuja kama aibu, kama ile hali ya kutaka kuondoka mkutanoni bila kuonekana. Mate yakajaa mdomoni. Sauti za watu zikaenda mbali. Na nikajua kabisa ni nini, nimeiandika mara nyingi mno, na bado nilinyamaza. Daktari wa upasuaji alikuwa anazungumza na msaidizi wake. Wote wanaume. Shash yangu ya kichwani ilikuwa imetelezea shingoni na nilikuwa nafikiria, Mungu anisamehe, kwamba si vizuri kuwakatiza.

Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Mfupi, anasema Mutinda. Mimi nauona mrefu.

Kisha nikasema. "Inaanguka." Neno halikutoka kwa sauti nzuri. Lilitoka kama kelele.

Mutinda akasema, "Najua, asante," na dawa ilikuwa tayari inaingia. Kifaa kilipomaliza kubana alinisomea tarakimu, kwa sababu nilikuwa nimemwomba asinifiche. Ilikuwa chini, lakini si ile ya chini kabisa niliyokuwa naiogopa. Akaongeza dawa kidogo. Dari ikarudi mahali pake. Sauti za watu zikakaribia tena, na mmojawapo alikuwa akisema, "Makalio haya hapa," na baadaye kidogo mtu mpya kabisa akaanza kulalamika chumbani.

Alilia bila adabu yoyote. Alilia kwa nguvu zote. Nilimpenda kwa hilo kabla sijamwona uso.

Sasa sikiliza kilichonifanya nichapishe.

Jana jioni nilikuwa nimefumba macho, si kwamba nimelala. Hooyo alikuwa kwenye simu na habaryar, mdogo wake aliye Eldas. Akamsimulia. Alisimulia vizuri, Hooyo ni msimulizi. Akafika pale. "Yule mtu alisema itaanguka, wallahi mbele yangu, na kesho yake ikaanguka. Hukumbuki nilivyokuambia? Aliiita."

Nikafumbua macho.

Siwezi kumshinda kwa ushahidi. Tukio ni lile lile. Yeye analiona kama neno lililopata njia, mimi naliona kama dawa iliyokuwa mkononi kwa wakati. Kama isingeanguka angesema dua imemfunga Mutinda mdomo, na mimi ningesema kipimo kimekosea. Nilijua hayo yote nikiwa nimelala pale na kidonda changu. Lakini Eldas kuna wasichana. Habaryar ana mabinti watatu walioolewa, na hadithi kama hii hufika kila nyumba kabla ya swala ya isha. Wakija hospitali, watawakimbia watu wanaopima.

Nikanyoosha mkono. "Hooyo, nipe simu."

Akanipa, alidhani nataka kusalimia.

"Habaryar, ni kweli alisema. Mimi ndiye niliyemwuliza. Nikamwuliza atafanya nini ikianguka, akaniambia, na akafanya hivyo hivyo. Nami nilimwambia inaanguka."

Nilisikia mbuzi upande wa pili.

"Ulimwambia vipi?" akauliza habaryar. "Ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Mbele ya wanaume?"

"Mbele yao wote."

Akasema, "Wewe Sahra tangu zamani huna haya," na nikasikia anacheka, anajaribu kujizuia asicheke, na mimi nikacheka na kidonda kikanichana hadi machozi. Hooyo akaninyang'anya simu. Akamwambia mdogo wake kwamba mtoto ni mzuri, mashallah, na kwamba hawa wa siku hizi hawasikii. Hakurudia lile la kuiita. Pengine atalirudia kesho nisipokuwapo. Siwezi kulala masikioni mwa Eldas nzima.

Kwa hiyo naandika hapa, na jina langu liko juu ya ukurasa kama kawaida. Kama wewe ni binti wa huko na umeambiwa usikubali kupimwa ili usiitiwe jambo, nasema pimwa. Lala ubavu, lala chali, uhesabiwe mapigo, waache waseme wanachokiona. Huenda wakakosea. Uliza watafanya nini wasipokosea. Na tumbo likianza kupanda, usisubiri wanaume wamalize mazungumzo.

Bado naogopa, usidhani yamekwisha. Kuna maumivu ya kichwa yanayoweza kumjia mtu baada ya sindano ya mgongo, na Mutinda atapita mchana kunieleza dalili zake na nini cha kufanya yakija. Hooyo amesikia. Amesema yule mtu akianza tena kusema yasiyokuwa bado, yeye atatoka nje ya wodi.

Nimemwambia anaweza kutoka na mtoto, upepo umetulia. Mimi nitabaki nimwulize.